Sharti Uiname

Simu yako ina picha ngapi za magari?

Usinijibu, ifungue. Kuna Porsche ya kijani uliyoihifadhi tangu mwaka juzi. Kuna GT-R iliyopigwa picha usiku, taa zake nyekundu zimelowa mvua. Kuna video za Nürburgring ulizozirudia mpaka unajua dereva atabadilisha gia wapi kabla yeye mwenyewe hajajua. Nguvu za farasi za kila injini unazo kichwani. Vijana wakibishana kwenye kibanda cha chai, wewe ndiye hakimu.

Na wewe mwenyewe umeendesha mizunguko mingapi?

Hata mmoja.

Miaka yote hiyo ya mapenzi, na hujawahi kuingia kwenye saketi hata kwa nusu saa! Unasema huna pesa. Pesa za Porsche huna, sawa. Nani alikwambia uanze na Porsche? Nani alikulisha kiapo kwamba mlango wa mchezo huu hufunguliwa kwa gari jipya tu?

Ngoja nikukumbushe mtu mmoja. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katikati ya spana kwenye gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally. Walishinda na nini? Na Volvo PV544 ya mtumba, gari lenye mgongo wa kobe ambalo wengine walikuwa wameshalikimbiza kabla yao. Joginder alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na gari lililochoka halikumtisha. Alikuja kushinda tena 1974 na 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba.

Yeye alianzia kwenye mtumba. Wewe unangoja harufu ya viti vipya.

Amka!

Sasa tuzungumze gari, maana makelele peke yake hayazungushi gurudumu. Gari la kujifunzia saketi liwe jepesi, liwe na afya, na liwe gari ambalo likigonga ukuta kesho hutauza shamba la mama yako. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Isome bima yako ya kawaida leo usiku, soma yale maandishi madogo, na kuna uwezekano mkubwa utakuta mbio na saketi zimewekwa nje ya mkataba. Kwa hiyo kama gari ulilonalo ndilo linalokupeleka kazini, na mkopo wake haujaisha, liache nyumbani. Tafuta jingine. Dogo. La zamani. La bei ambayo moyo wako unaweza kuisahau.

Na usiniletee habari za nguvu nyingi. Nguvu nyingi ni blanketi la dereva mvivu. Unaharibu kona, unakanyaga mafuta, tabo inavuta, unajiona shujaa, na kosa lako limelala chini ya blanketi. Gari lenye nguvu kidogo halikufichii chochote. Ukiingia kona vibaya utatoka polepole, na barabara yote iliyonyooka mbele yako itakusimanga mpaka mwisho wake. Unaona aibu? Vizuri. Mzunguko unaofuata utaingia vizuri zaidi.

Mazda walilijua hilo. Mwaka 1989 walileta kigari cha viti viwili, kisicho na paa gumu, injini ya lita 1.6, uzito wake chini ya tani moja. Japani kilijulikana kama Eunos Roadster, kwingine MX-5. Wahandisi wake walikuwa na msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake wawe mwili mmoja. Kwenye karatasi hakikumtisha mtu yeyote. Lakini Aprili 2016 kigari cha milioni moja kilitoka kiwandani, na leo ukienda siku ya saketi Brands Hatch au Snetterton kule Uingereza utavikuta vimejipanga, vingine vimewazidi umri madereva wake. Ndugu yangu uliyeko London au Birmingham, wewe hasa nakuuliza: kisingizio chako ni kipi? Chunguza kutu kwenye vizingiti vya milango, ndiko chumvi ya barabara za baridi hupenda kula, kisha toa pesa.

Nairobi hadithi ni nyingine. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia nchini, kwa hiyo Roadster ya 1990 huwezi kuiagiza. Dar es Salaam njia ipo, ila ushuru wa uchakavu utakungojea bandarini. Basi anza na kilichopo. Na kilichopo ni Altezza.

Usicheke.

Najua unamfikiria yule kijana wa mtaani kwenu mwenye bomba la moshi kubwa kama sufuria ya pilau. Msahau. Altezza ilitoka 1998, ikatwaa tuzo ya gari bora la mwaka Japani, na taa zake za nyuma zikaigwa dunia nzima mpaka zikaitwa kwa jina lake. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ile ya RS200 ina injini ya 3S-GE ya lita mbili, nguvu za farasi 210 bila tabo, na unaweza kuipata na giaboksi ya mkono yenye gia sita. Toyota waliacha kuitengeneza 2005. Piga hesabu hiyo pamoja na sheria ya miaka 8, utaona kwamba zilizobaki nchini ndizo hizo hizo, hakuna nyingine inayokuja na meli. Moja imelala mtaroni baada ya harusi. Nyingine iko Kirinyaga Road inauzwa kipande kipande.

Kila unaposema "mwezi ujao", moja nzuri imeondoka.

Unangoja nini?

Impreza zenye tabo nazo zipo, na najua moyo wako uko huko. Wangu pia ulikuwa huko. Colin McRae alishinda Safari ya 1997 ndani ya Impreza, na sisi tuliokuwa kando ya vumbi lile hatujapona mpaka leo. Ndiyo maana gari langu la kwanza la mchezo huu lilikuwa Impreza. Na ndiyo maana nililia.

Nilifika kwa muuzaji saa nne asubuhi. Injini ilikuwa inanguruma tayari, naye akanipokea kwa tabasamu na kikombe cha chai. "Nimekuwashia mapema, boss, usikie sauti." Nikaisikia sauti. Tamu kweli. Sikushika boneti. Wiki tatu baadaye, nikipanda kwenda Limuru, mshale wa joto ukapanda pamoja nami. Fundi aliingoja ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akaniambia niwashe. Tukasimama tunatazama maji. Povu moja. Jingine. Kisha mfululizo, kama uji unaoanza kuchemka. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwenda, na moshi wa injini ulikuwa unapenya kwenye maji. Fundi hakusema neno. Alifuta mikono kwa tambara, akaniangalia, na mimi nikajua bei.

Muuzaji yule sikumlaumu sana. Mkono nilikuwa nao, sikuutumia.

Wewe utumie wako! Injini baridi husema ukweli. Moshi wa buluu unaotoka ikiwashwa baada ya kulala usiku kucha ni oili inayoungua. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni jambo la kawaida, lakini mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua. Kugonga kwa ndani kunakoongezeka ukikanyaga mafuta ni beringi za mkono wa pistoni, na hapo, rafiki yangu, shukuru kwa chai, uende zako. Usijadiliane bei. Hakuna punguzo linalotibu ugonjwa huo.

Halafu vua shati zuri. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sijui kama waliwahi kununua Altezza, ila waliona mbali. Beba kipande cha kadibodi na tochi, lala chini, ingia. Nguzo mbili za mbele zinazoshika injini ziwe zimenyooka. Zikiwa na makunyanzi kama karatasi iliyofinyangwa, gari hilo liliwahi kugonga kitu, hata rangi ya juu ing'ae namna gani. Tafuta weldi mpya. Shika bushi za mikono ya mbele, zikiwa zimepasuka utaona mpira umeachana na chuma. Beba na sumaku ndogo ya friji, itembeze ubavuni: ikikataa kushika, chini ya rangi kuna fila. Tazama pedali ya klachi. Mita inasema kilomita elfu themanini na mpira wa pedali umelika mpaka chuma? Mita imerudishwa. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye logbook, na rekodi ya gari uitafute NTSA kabla hujatuma hata shilingi moja.

Mlipe fundi wako apime mgandamizo wa silinda. Ni kazi ya saa moja. Silinda zote zikaribiane. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, injini hiyo inakudai kabla hujainunua.

Unasema muuzaji atakuona msumbufu? Akuone! Pesa ni zako, mgongo ni wako, na breki zikikataa, fuvu ni lako.

Jambo jingine, na hapa najua nitawaudhi wengi: kimbia gari lililorembwa. Lile lenye tabo ya kubandika, springi zilizokatwa, sauti ya kuamsha mtaa. Kila kilichobadilishwa kilibadilishwa na mtu mwenye haraka. Tafuta lile la mwalimu mstaafu, rangi imefifia, redio ni ile ile ya Kijapani isiyoshika stesheni nusu, risiti za oili zimekunjwa kwenye droo ya dashibodi. Halina picha nzuri. Lina injini nzuri.

Na ukishalipata, usimalize pesa zote siku hiyo. Chochote ulichonacho kigawe mara tatu. Mafungu mawili nunulia gari. La tatu usiliguse, hata muuzaji akilia, maana fungu hilo ndilo litakalokurudisha nyumbani mzima.

Kwa sababu gani? Sikiliza. Ukiongeza mwendo mara mbili, breki zako hupewa kazi mara nne. Kazi hiyo yote inageuka joto. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kimyakimya, mwaka baada ya mwaka. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanywa maji, kiwango hicho hushuka mpaka 155. Sasa jione: mzunguko wa tatu, damu imepanda, unafika mwisho wa sehemu iliyonyooka, unakanyaga. Pedali inazama. Laini, kama unakanyaga sifongo. Mafuta yamechemka, mvuke umejaa kwenye mabomba, na mvuke unakubali kubanwa, hausukumi kitu. Ukuta unakuja.

Chupa ya mafuta mapya ya breki ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Unajua nguvu za farasi za kila gari duniani. Je, unajua mafuta yako ya breki yalibadilishwa lini?

Hujui.

Yabadilishe. Weka na pedi nzuri, na oili mpya, na usiipunguze. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, na injini ikinyonya hewa badala ya oili kwa sekunde chache tu, utarudi kule kwenye beringi tulikotoka. Matairi nayo yasome. Ubavuni pana herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno yote na umri wa miaka kumi ni jiwe la duara.

"Lakini saketi iko wapi?" Nilijua utauliza. Lami ya saketi Afrika Mashariki ni haba, sikufichi. Lakini haba ni tofauti na hakuna, na wewe hujawahi hata kuuliza! Kenya kuna shirikisho, KMSF, na autokrosi zipo kwenye ratiba yake. Vumbi litakufundisha kuliongoza gari linaloteleza mapema kuliko lami. Unafanya kazi Ghuba? Dubai Autodrome ipo pale tangu 2004, na Yas Marina ya Abu Dhabi tangu 2009. Uko Ujerumani? Nürburgring ile ile unayoilamba kwa macho kwenye simu, kilomita 20.8 za Nordschleife, hufunguliwa umma kwa tiketi. Tiketi! Mtu yeyote mwenye leseni halali na gari lenye ruhusa ya kutembea barabarani. Umeitazama mara mia, na hukuwahi kuuliza bei ya kuingia.

Ila Southern Bypass si saketi. Thika Road si saketi. Mama anayevuka na ndoo hakujiandikisha kwenye mbio zako. Ukitaka kuthibitisha uanaume wako pale, makala haya hayakuandikiwa wewe, na usiseme ulisoma kwangu.

Sasa umeingia. Helmeti kichwani, mikono inatoa jasho. Utakuwa wa mwisho. Nakwambia mapema ili usizimie. Mwalimu wa shule ya chekechea katika kigari cha lita moja na nusu atakupita kwa nje, akupungie mkono. Utafanya nini? Utarudi nyumbani uandike kwamba gari lako halina nguvu? Utauza ununue kubwa zaidi? Ndivyo wanavyofanya watu wa visingizio: wanabadilisha gari kila mwaka, dereva ni yule yule.

Wewe baki na gari lile lile. Msimu mzima. Lile lile.

Funga breki gari likiwa limenyooka, kabla ya kona, uiachie taratibu unapogeuza usukani. Macho yaende unakotaka kwenda, yasing'ang'anie ukuta, maana mikono hufuata macho. Tairi lina kiasi kimoja tu cha mshiko. Ukikitumia chote kwa breki, hakuna kilichobaki cha kukata kona. Ukikosea, punguza tamaa, rudia. Jitwike kona moja kwa siku, moja tu, uiendeshe mpaka uiote. Mzunguko wa mwisho nenda polepole breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono diski zikiwa za moto, acha gari kwenye gia. Nati za magurudumu zikaze tena. Kisha toa daftari. Ndiyo, daftari, la karatasi, lenye alama za vidole vya oili: upepo wa matairi ulikuwa kiasi gani kabla na baada, kona ipi ilikushinda, ulifunga breki kwenye bango lipi.

Baada ya siku tano za namna hiyo utampita yule mwalimu wa chekechea. Au hutampita, nimewaona wengine ni hatari. Lakini utajua kwa nini alikupita, na hicho hujawahi kukijua tangu uanze kutazama video.

Una miaka mingapi? Thelathini? Arobaini na tano? Wale waliokuwa wakikimbia na wewe mchangani wakivuta magari ya waya, wangapi leo wanaweza hata kuinama? Macho yako bado yanaona. Goti lako bado linakanyaga klachi. Dereva aliyelala ndani yako hajafa, amechoka tu kungojea gari ambalo halitakuja. Mpe lile lililopo.

Unayo namba ya muuzaji. Unayo, ulimwandikia wiki mbili zilizopita "bado ipo?" akakujibu ipo, ukanyamaza. Mpigie leo usiku. Mwambie utafika kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwamba injini asiiwashe kabla hujaweka mkono kwenye boneti.